Faili Yangu, Folda Yake

Faili niliyotaka isionwe na jicho la mtu, mimi mwenyewe, kwa vidole viwili hivi ninavyopigia chapa, niliipa ruhusa isomwe na kila mtu. Niliandika saba, saba, saba, nikabonyeza kitufe, nikaegemea kiti kama daktari aliyetoka kumpasua mgonjwa salama. Nilidhani saba tatu ni dawa ya kufuta. Kumbe kwenye mashine zile za Linux saba ya kwanza inampa mwenye faili ruhusa zote, ya pili inawapa wenzake wa karibu, na ya tatu inampa yeyote anayepita njia. Kabla ya hapo faili ile niliweza kuisoma mimi tu. Baada ya utaalamu wangu, hata mteja aliyekuja kuandika barua ya kuomba kazi angeweza kuifungua. Na kufutika haikufutika.

Sijitetei. Nilimaliza Fomu Foo, lakini kompyuta ya shule yetu niliijua kupitia dirishani, maana chumba chake kilikuwa na kufuli na mwalimu mkuu aliogopa tungeichosha. Yote niliyoyajua nilifundishwa na msichana mmoja, chumbani kwangu, Makina ya Kibera, mlango ukiwa wazi ili majirani wasipate taabu ya kukisia.

Tulikuwa washirika wa kupiga chapa. Yeye alileta mashine, kompyuta kuukuu ya ofisi fulani iliyofungwa, akaiwekea Linux kwa sababu ilikuwa ya bure na kwa sababu, alisema, virusi vya mjini havikuijua. Mimi nilileta chumba chenye stima na kipaji changu cha kutotoka nyumbani. Usikidharau. Mteja alipokuja, saa yoyote, alinikuta. Jirani yangu, mama mmoja wa Kitui aliyeshona nguo upande wa pili wa ukuta wa mabati, aliniita konokono, na aliniita kwa sauti.

"Konokono, uko?"

"Niko, mathe."

"Najua uko. Nimeuliza tu."

Mashine ilipowashwa ilionyesha majina mawili, lake juu na langu chini. Lake ndilo lililokuwa na nguvu: aliyeingia kwa jina lile angeweza kuamuru chochote, na mashine ikatii. Langu lilikuwa la mpangaji tu. Hilo halikuniudhi. Alikuwa anakaa upande wa kulia wa benchi, mguu mmoja ameukunja chini yake, na alipofikiri aligonga meno kwa kucha, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa nyumba ambayo hana uhakika nayo. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti rasimu za wateja, yeye anaandika. Halafu tunabadilishana, na kazi ya saa moja inakuwa ya saa tatu.

Sasa faili yenyewe. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga na zile za jirani zilikuwa na kikundi cha kuzikana. Mtu wa Kibera akifa hazikwi Kibera, anapelekwa nyumbani, na nyumbani kila mtu ana kwake: Machakos, Kakamega, Siaya, Murang'a. Kwa hiyo kikundi kilihitaji orodha: jina la mwanachama, namba ya mlango wake, na nyumbani ni wapi, ili siku ya msiba gari lisitafute njia. Niliichapa mimi. Na kwa kuwa nilitaka kusifiwa, sikuipanga kwa alfabeti. Niliipanga kwa nyumbani, watu wa upande mmoja pamoja, wa upande mwingine pamoja, kila kundi na kichwa chake cha habari kwa herufi kubwa. Mwenyekiti wetu, mzee wa Makina aliyeuza viatu vya mitumba, aliishika ile karatasi, akasema, "Hii sasa ni kazi." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima. Kutembea kwenyewe ni kutoka kitandani hadi kwenye benchi.

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimefuta kwa bahati mbaya kumbukumbu za mikutano ya kikundi, zote, nikitafuta nafasi ya kuweka nyimbo. Msichana yule hakugomba. Orodha ilipokamilika alitengeneza folda, akaipa jina Kikundi, akaifanya yake, kisha orodha yangu akaihamishia humo.

"Wewe andika," akasema. "Mlangoni nitakaa mimi."

Nikacheka. Nilipenda jinsi alivyosema nitakaa.

Halafu uchaguzi wa 2007 ukaja, matokeo yakaja, makabila yakageukiana, na siku hizo jina la baba yako likawa kitambulisho kabla ya kitambulisho. Langu lilikuwa jina zuri upande wetu wa Kibera. La baba yake lilikuwa jina baya. Wala hatukuwahi kulizungumza kabla ya siku hizo, kama vile mtu asivyozungumza ukubwa wa kiatu chake. Mwaka mpya ukiwa na siku chache tu, alikuja asubuhi na begi moja. Moshi ulikuwa bado unapanda upande wa reli. Alisema anaenda Kawangware, Kabiro, kwa shangazi yake, mpaka mambo yatulie. Aliniachia daftari lake la amri za kompyuta, lile la kurasa zenye miraba. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikachagua haya: "Haya, fika salama." Kama vile alikuwa anaenda posho mill kusagisha mahindi.

Alipoondoka niliwasha mashine. Majina mawili. Nikabonyeza lake, ili tu nione kile kisanduku cha paswodi kikifunguka na kungoja. Kikangoja. Nikarudi kwenye langu. Nakiri kwamba hayo niliyafanya kila asubuhi, na sijui nilikuwa nategemea nini.

Siku tatu au nne baadaye mwenyekiti alibisha. Hakukaa.

"Kijana, ile orodha."

"Iko, mzee."

"Hiyo ndiyo shida, kwamba iko." Akashusha sauti. "Kuna vijana wanapita ploti kwa ploti wanauliza nani analala wapi. Wameambiwa kikundi kina orodha. Ya karatasi nimeitia kwa jiko, nikakoroga majivu. Ile ya kompyuta?"

"Nitaifuta leo."

"Sasa hivi."

"Sasa hivi, mzee."

Bado kulikuwa na watu wa majina mabaya ndani ya orodha ile ambao hawakuwa wameondoka. Mlango namba tisa kulikuwa na mzee mgonjwa na mkewe, wamejifungia, majirani wanawapitishia uji dirishani. Kila mtu aliyewaficha alijua namba ile. Waliokuwa hawaijui walihitaji tu ukurasa mmoja uliopangwa vizuri, na aliyeupanga vizuri ni mimi.

Nikabonyeza kufuta. Mashine ikajibu kwa Kizungu chake kikavu kwamba ruhusa imekataliwa. Nikajaribu tena, kwa upole, kama mtu anayedhani hakusikika. Imekataliwa. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri ya kufuta kwa mkono. Imekataliwa. Nikaangalia faili ni ya nani: jina langu. Yangu! Niliichapa mimi, mashine yenyewe inakiri ni yangu, na bado inaninyima.

Ndipo nikalifungua lile daftari. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umeinama mbele kama mtu anayepanda kilima. Ukurasa mmoja ulikuwa na kichwa "Ikikataa", na chini yake kulikuwa na namna ya kubadilisha ruhusa, na mfano wa saba tatu. Mstari wa mwisho ulisema: "Lakini kama ni kufuta, angalia kwanza". Angalia nini, hilo lilikuwa kwenye ukurasa uliofuata, na ukurasa uliofuata haukuwepo. Nilikumbuka ulipokwenda. Mafuta ya taa yalikuwa yameadimika wiki ile, na jiko langu la makaa haliwaki bila karatasi.

Basi nikafanya saba tatu zangu, na matokeo yake nimeshayasema.

Siku ya pili nilikuwa nimeifunika kompyuta kwa leso, kana kwamba faili husomwa kwa nje. Jirani yangu alinisikia nikigonga kibodi na kusonya.

"Bado inakataa?" akauliza kupitia mabati.

"Bado, mathe."

"Si uipige nyundo?"

"Ni ya watu wawili hii mashine."

"Mmoja wao yuko wapi?"

Nikagonga kitufe kingine.

"Mpigie simu basi."

Nilikuwa nimempigia. Kadi za simu zilikuwa dhahabu siku hizo. Niliyopata niliimaliza yote kumsikiliza yule mama wa kwenye simu akiniambia mteja hapatikani kwa sasa. Msichana yule alikuwa amekuwa mteja tangu siku ya pili ya kuondoka kwake. Labda hakuwa na stima. Labda hakuwa na hamu. Mtu akikaa peke yake hupata labda nyingi kuliko anazohitaji.

Siku ya tatu mwenyekiti alipita tena, akasimama mlangoni, akanitazama usoni, akaona jibu, akaenda zake. Afadhali angenitukana. Nikavaa viatu.

Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye cherehani yake nje. Aliponiona na viatu aliacha kukanyaga pedali.

"Unaenda wapi?"

"Kabiro."

"Kawangware?" Akanitazama juu hadi chini. "Huko jina lako ndilo baya. Unajua hilo?"

"Najua."

Akavua utepe wake wa kupimia, akanivisha shingoni, akausawazisha pande zote mbili kama anayemvalisha bwana harusi. "Wakikuuliza, wewe ni fundi wa nguo. Fundi hana kabila mpaka akuharibie suruali."

Nikatoka hivyo. Nilipita Ayany, ambako watu walikuwa wamefungua maduka nusu, mlango mmoja wazi na mmoja umefungwa, nikapanda hadi Ngong Road, nikaifuata mpaka Dagoretti Corner. Nilishangaa jinsi dunia ilivyo ndefu. Sikuwa nimeitembea kiasi hicho tangu nipeleke CV mjini nikarudishwa nayo. Kwenye kona ya kuingilia Kawangware kulikuwa na wanaume watano, mmoja na rungu amelilaza begani kama jembe.

"We, unatoka wapi?"

Mdomo wangu ulisahau kila jina la mahali nililowahi kulijua, na hilo huenda ndilo lililoniokoa. Nilishika utepe.

"Mimi ni fundi."

Alinikodolea macho. Akaangalia utepe, akaangalia suruali yake mwenyewe.

"Zipu unaweka?"

"Naweka."

"Hii yangu imekufa tangu Krismasi." Wenzake wakaangua kicheko. "Pita. Ukirudi uje na zipu."

Nikapita.

Kwa shangazi yake niliulizia kwa muuza mboga, nikaelekezwa ploti ya mabati yenye geti la buluu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi kwenye karai kubwa. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani ambacho sikukijua. Kitu kidogo kama hicho, kitambaa, na nikahisi nimekosa miaka. Shangazi alikuwa kwenye kigoda cha pili, kisu mkononi, na hakuonyesha dalili yoyote ya kwenda mahali.

"Wewe?" msichana akasema. "Wewe umetoka nyumbani?"

"Nimetoka."

"Na huo utepe?"

"Ni hadithi ndefu."

Shangazi akasema, "Karibu, fundi," akanisogezea ndoo nikaikalia. Njia nzima nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nilikuwa nimelipanga kwa sentensi tatu, fupi, zinazoweza kusemwa hata na mtu mwenye pumzi kidogo. Ya kwanza ilikuwa kwamba benchi limekuwa refu. Nikamtazama shangazi. Shangazi akanitazama.

"Faili imekataa kufutika," nikasema.

Nikamweleza: vijana, mwenyekiti, mlango namba tisa, saba tatu. Nilipofika kwenye saba tatu alifunika uso kwa mkono wenye maganda, akacheka mpaka shangazi naye akacheka bila kujua ni nini. Nilikuwa tayari kufanya makosa mengine kumi.

"Sasa sikiliza," akasema, akapangusa macho kwa kiwiko. "Hili karai ni folda. Viazi ni faili. Ukitaka kutoa kiazi humu, unamuuliza nani? Unauliza kiazi?"

"Hapana."

"Unamuuliza mwenye karai. Ruhusa ya kufuta haiko kwa faili, iko kwa folda. Hata kiazi kiwe chako, hata ukiandike saba mia saba, karai ni langu na nimesema hakitoki kitu. Nililifanya hivyo kwa sababu yako, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Lakini kiazi ni chako." Akachukua kimoja, akaanza kukimenya, akamaliza ganda, akaendelea na nyama, ganda juu ya ganda, mpaka shangazi akasema we, we, hicho ni chakula. "Ukikimenya mpaka kiishe, nani atakuzuia? Fungua faili, futa maneno yote yaliyomo, hifadhi. Jina la faili litabaki kwenye folda. Ndani hamna kitu."

Siku tatu nilikuwa nikijaribu kung'oa nyumba, na sikufikiria kuwatoa watu waliomo. Kila siku mimi hufungua faili na kufuta maneno. Ndiyo kazi yangu. Ndiyo kazi pekee niliyo nayo.

"Na folda yenyewe?" nikauliza.

"Nikupe paswodi? Ukiwa nayo utaingia kwa jina langu, utafuta chochote." Alikuwa ameshatafuta kalamu kwa macho.

"Hapana," nikasema. "Mimi na paswodi ni kama mtoto na wembe."

Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa sababu. Mtu aliye na paswodi hana haja ya kutembea mpaka Kabiro.

Alinitazama kidogo, kucha ikagusa meno, mara moja, mara mbili. Nilidhani atasema kitu. Nadhani naye alidhani nitasema. Shangazi akauliza kama fundi atakula, nikasema jua linaenda, njia ni ndefu. Alinisindikiza hadi getini. Mikono yake ilikuwa na maji ya viazi kwa hiyo hakunipa mkono, alinipa kifundo cha mkono, nami nikakishika kama mtu anayeshikilia kitasa.

"Utarudi lini?" nikauliza.

"Mambo yakitulia."

"Haya," nikasema. "Kaa salama."

Nyumbani niliingia bila kuvua viatu, nikaifungua faili. Kuna amri ya kuchagua maneno yote na kuyafuta kwa pigo moja, na ningepaswa kuitumia. Sikuitumia. Nilifuta mstari kwa mstari, kutoka chini kwenda juu, nikizisoma namba za milango. Saba, muuza samaki. Kumi na nne, yule aliyekuwa akiazima pasi asiirudishe. Tisa, mzee na mkewe. Jina lake yeye lilikuwa kwenye kundi la juu kabisa, kwa hiyo lilibaki la mwisho, peke yake kwenye ukurasa mweupe, na nyumbani kwao pembeni, mahali ambapo sijawahi kufika. Nikalitazama kwa muda ambao haukuwa na faida kwa kikundi. Halafu nikalifuta, nikahifadhi, nikaenda kumwambia mwenyekiti. Alinishika bega, akasema, "Alhamdulillahi," basi.

Vijana walikuja kesho yake, wawili. Mmoja alikuwa amesoma kidogo, alijua kushika kipanya. Alizunguka kwenye folda mpaka akaiona: Orodha ya Wanachama. Akaifungua. Nyeupe. Akateremka chini, akapanda juu.

"Mbona haina mtu?"

"Walihama," nikasema.

Mwenzake akamvuta, wakaenda. Mlango namba tisa haukubishwa. Juma lililofuata gari la kanisa lilikuja kuwachukua yule mzee na mkewe mchana kweupe, na mkewe alinipungia mkono bila kujua kwa nini nilisimama mlangoni namna ile.

Mambo yalitulia, au yalijifanya. Viongozi walipeana mikono kwenye redio. Treni ikarudi. Yeye alipata kazi ya kuandika kwenye duka moja huko huko Kawangware, nilisikia kwa mtu. Mashine ilipokufa miaka kadhaa baadaye, folda ile ilikuwa bado humo, na faili ndani yake, uzito wake sufuri. Sikuweza kuifuta. Sikuwa na ruhusa.

Lakini nilikuwa nazungumzia siku ile niliyotoka Kabiro. Nilipotoka kwa mwenyekiti nilimrudishia jirani yangu utepe wake. Alikuwa anafunga cherehani. Akaniuliza msichana alikuwaje, nikamwambia alikuwa salama, anamenya viazi. Akaniuliza nilimwambia nini. Nikamweleza habari ya faili na folda, na karai, na jinsi alivyocheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, uzi mdomoni. Kisha akautoa ule uzi, akasema:

"Kwa hivyo umeenda na jina lako hilo mpaka Kawangware, umemwona na macho yako, na kitu umemwambia ni folda? Wacha akae huko."